Mtu wa Saba Kwenye Aproni

Saa kumi na mbili jioni Dorca, fundi wa kudarizi kutoka mtaa wa Obunga, alimpelekea Mzee Wepukhulu aproni aliyokuwa ameagiza. Kazi ya wiki tatu. Majirani walikuwa wamemwonya: yule mzee ni Frimasoni, mtu wa chama cha siri, usikae kwake giza likiingia. Lakini mzee alimkaribisha chai, akamweleza kila alama kwa upole.

"Ngozi hii nyeupe ya mwanakondoo ni mikono safi. Skwea, hiki kipimo cha pembe, ni kutenda haki. Bikari, hii ya kuchorea duara, ni kujua mipaka yako."

"Na huu mtumbwi wenye watu sita?"

"Alama hiyo ni yangu mwenyewe, si ya chama." Akaugusa mtumbwi kwa kidole. "Hao sita ni wenzangu. Tulipinduka ziwani karibu na Luanda Kotieno, miaka ishirini iliyopita. Nikapona peke yangu."

Akajifunga aproni kiunoni.

Harufu ya ziwa ikajaa chumbani. Tope, magugu, samaki aliyelala... Na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Tap. Tap.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ile ngozi.

"Dorca," mzee akanong'ona, "ulishona watu wangapi?"

"Sita, Mzee. Kama ulivyoniambia."

"Hesabu."

Akahesabu. Akarudia.

Saba.

Wa saba alikuwa nje ya mtumbwi, mdogo, ameshika ukingo kwa mkono mmoja. Uzi wake ulikuwa wa kijani. Dorca hakuwa amenunua uzi wa kijani.

"Nifungue, mama," mzee akamsihi. "Inanibana..."

Fundo la kamba ya aproni lilikuwa limelowa, gumu kama jiwe. Kamba ikazidi kuzama tumboni mwake. Dorca akachukua mkasi, akakata, na mzee akaanguka sakafuni akitapika maji ya matope.

Alipopata sauti, alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mtumbwi ulipopinduka, msichana wa miaka tisa, Caren, aliung'ang'ania pamoja naye. Haungewabeba wote wawili.

"Nilivibandua vidole vyake. Kimoja kimoja."

Kesho yake Dorca alimsindikiza Luanda Kotieno, maana mzee hakuweza kutembea bila kushikwa. Mama Seline, mamake Caren, alikuwa anaanika dagaa wa omena. Mzee akapiga magoti, akafungua kinywa.

"Najua," Mama Seline akamkatiza. "Mwanangu alikuja jana jioni, amelowa. Akaniambia utakuja."

Kisha akamgeukia Dorca.

"Na wewe ndiye fundi. Amesema nikushukuru... kwenye mtumbwi uliodarizi, sasa amepata pa kushika."