Mikono Iliyomfunga Kaka

Mjomba alinituma petroli jioni ile, na nilikwenda nimenuna. Jua linazama nyuma ya jukwaa la watazamaji, magari yananguruma, na madumu mawili matupu yananigonga magotini. Yalikuwa mashindano ya saa kumi na mbili mfululizo. Mnaanza saa mbili asubuhi, mnamaliza saa mbili usiku, gari moja, madereva wawili mnapokezana. Madereva tulikuwa mimi na kaka yangu. Fundi, Mjomba. Gari lenyewe la kawaida tu, la kwendea sokoni, tulilivua viti vyote kikabaki cha dereva na mabomba ya chuma ya kulinda kichwa.

Shule niliacha kidato cha pili, lakini gari naliendesha. Hilo halina ubishi. Nilinuna kwa sababu ya mtu wa picha.

Alikuwa anatengeneza dokumentari juu yetu, filamu ya kweli isiyoigizwa, na kwa miezi mitatu alitung'ang'ania kama kupe. Gereji yuko, jikoni kwa mama yuko. Sasa saa kumi na moja na nusu niliingia piti, pale pembeni pa kupokezana na kujaza mafuta, kumpisha kaka. Natoka kwenye gari jasho linachuruzika, nasikia kaka anaiambia kamera kwamba mdogo wake ni mchinjaji wa gia, na kwamba nikipewa saa ya mwisho tutamaliza tunasukuma. Mtu wa picha akacheka. Akamwomba arudie, eti sauti haikuingia vizuri.

Na kaka akarudia.

Kwetu kuna sheria moja, ya Mjomba. Anayetoka ndiye anayemfunga mkanda anayeingia. Ukishavaa helmeti na ile kola ya shingo huoni hata kifua chako mwenyewe. Mikanda ni mitano: ya mabega, ya kiuno, na wa katikati ya miguu. Mwenzako anaikaza, anakugonga helmeti mara mbili, unanyanyua dole gumba, unaondoka. Jioni ile kaka alipokaa nilimwambia ajifunge kwa huo mdomo wake. Nikatupa glovu chini, nikaondoka. Mjomba alikuwa kwenye matairi, hakuona. Nyuma yangu nikasikia gari linatoka. Nikajua kajifunga.

Haya. Nimejaza madumu, narudi, napita kwenye gari la mtu wa picha. Mlango wa nyuma uko wazi. Yumo ndani kwenye giza, vipokea sauti masikioni, uso umekuwa wa bluu kwa mwanga wa skrini. Nikaenda nimtukane. Nilikuwa nimeshachagua na tusi lenyewe.

Harufu ikanisimamisha. Petroli sikuisikia tena, wala mpira ulioungua. Ni udongo... udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi.

"Cheche," akaninong'oneza. Mtaani wananiita hivyo. "Leo ulivaa nguo nyekundu?"

Nikamwambia zetu ni za bluu, au macho yake yako kwenye kamera tu.

Akarudisha picha nyuma. Kamera ile aliifunga juu ya dashibodi, inamwangalia dereva. Nikamwona kaka amekaa. Nikauona mgongo wangu unaondoka kwenye dirisha la kulia. Kisha upande wa kushoto, ambako hakuna kiti, ambako mlango tuliulehemu wenyewe hata mende hapiti...

Ikatokea mikono miwili.

Haikuwa na glovu. Nguo nyekundu, imechanika kiwikoni. Ikachukua mkanda wa bega, polepole, kama ya mtu asiye na haraka na dunia. Ikafunga. Ikakaza. Ikaenda kwenye mwingine. Yote mitano. Kisha kidole kikakunjwa, kikagonga helmeti.

Moja.

Mbili.

Kaka akanyanyua dole gumba.

Nikamuuliza ameiona lini. Akasema ilipotokea tu. Yaani saa nzima! Saa nzima kaka yangu anazunguka na kitu humo ndani, na huyu amekaa hapa anatazama.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kuona inaishia wapi."

Nilimpiga kofi mpaka vipokea sauti vikaruka. Sijawahi kujuta.

Nilimkimbilia Mjomba, nikamweleza kila kitu, pamoja na upumbavu wangu wa kuondoka. Nilitegemea anipige. Alikaa juu ya tairi. Aliuliza kitu kimoja tu, rangi ya nguo. Nilipomjibu akachukua redio, akamwita kaka aingie piti.

"Bado," ikajibu redio.

Akamwita tena. Gari likapita mbele yetu kama jiwe lililorushwa, halikupunguza. Nikamnyang'anya redio, nikamwambia kaka zamu yangu imefika, aache ujinga, tutagombana nyumbani.

Mlio wa injini. Kisha sauti yake, ndogo, kama anaongea kanisani.

"Mkanda haufunguki, mdogo wangu. Na mafuta sikanyagi mimi."

Ndani ya gari lile joto ni la tanuri. Ndiyo maana hatuzidishi saa moja na nusu. Ukizidisha, unaanza kuona mawili mawili, kisha unalala na macho wazi, na kona ya mwisho ina ukuta wa zege. Saa moja usiku ilikuwa imefika. Mafuta yalikuwa yanatosha kufika saa mbili na zaidi kidogo. Hesabu hiyo hata mimi wa kidato cha pili naijua.

Hapo ndipo Mjomba akafungua mdomo. Zamani, kabla sijazaliwa, na yeye alikuwa dereva wa mashindano haya, anapokezana na rafiki yake, na nguo zao zilikuwa nyekundu. Siku moja waligombana wakati wa kupokezana, hata hakumbuki juu ya nini. Hakumfunga. Raundi ya tatu mwenzake akagonga ukuta, akarushwa nje kwa kioo cha mbele, akafa. Gari likauzwa chuma chakavu. Mtu wa picha alilitafuta miaka miwili, akalileta gereji kwetu juu ya lori, bure, mradi tumruhusu kupiga picha. Mjomba alilitambua siku ileile, kwa kiraka cha kulehemu chini ya pedali, alichokiweka mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini alikubali, na kutuweka sisi humo.

"Nilitaka mbio zake ziishe," akasema.

Watu wazima bwana. Wanazika mambo yao, halafu wanakupa wewe ukae juu yake.

Saa mbili bendera ya kumaliza ikapungwa. Kaka alikuwa ametoka nafasi ya kumi na moja mpaka ya pili. Jukwaani watu wanapiga makofi, wanaimba namba yetu. Magari mengine yakapunguza mwendo, yakaanza kuingia. Letu halikupunguza. Waamuzi wakapunga bendera nyekundu. Likawapita. Kila akipita kwenye taa naona kichwa cha kaka kimelegea, kinayumba huku na huku, lakini gari linakata kona kama wembe.

Mtu wa picha akaja piti, shavu limevimba, kamera begani. Inawaka. Sikuwa na muda naye.

Nikashika redio. Sikumwita kaka.

Nilinong'ona. "Wewe uliyemfunga. Nakusikia unavyopumua. Mimi ndiye niliyetakiwa kumfunga, nikaondoka. Kosa langu, siyo lake. Mlete. Nimfungue mwenyewe."

Pumzi kwenye redio ikakatika.

Raundi nzima ikapita. Kisha gari likaingia piti taratibu, likasimama pale kwenye mstari, sawasawa. Hata kaka hajawahi kusimama sawa vile.

Nikaingiza mwili dirishani. Udongo mbichi ukanijaa puani. Kaka macho meupe. Mikanda ilikuwa baridi, baridi ya barafu, ndani ya tanuri lile. Kifungo hakibonyei. Nikachukua kisu cha dharura kilichofungwa kwenye bomba, nikakata wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nilipogusa wa mwisho...

Kiganja kikaushika mkono wangu.

Hakikuuma. Kilishika tu. Nilisema naomba, naomba, na machozi ya hasira yananiingia mdomoni. Sijui muda gani. Kikaachia.

Kaka alilazwa siku nne, na alama nyeusi mabegani zilibaki wiki sita. Filamu ilitoka. Watu wanaipenda, eti inagusa moyo. Kwenye ile sehemu ya mikono wanadhani ni mimi namfunga kaka yangu, na mtu wa picha hakuwasahihisha. Nimemfuata mara tatu kumwambia aitoe. Hafungui mlango.

Lakini siyo hilo linaloninyima usingizi. Kaka alipopona alinunua mikanda mipya, akaifunga kwenye gari lile. Kila jioni anakwenda kukaa humo, gereji ikiwa tupu. Mama akimuuliza anasema anapumzika.

Jana nilichukua grenda, nikaiwasha, nikaenda kulikata lile gari vipande. Nilimkuta amesimama mbele yake. Nikampigia kelele apishe. Nilimwambia kitu kile kilitaka kumuua. Aliniangalia kama mtu wa mtaa mwingine.

"Yeye alinifunga," akasema. "Wewe uliondoka."

Kaka akageuka, akaingia ndani, akakaa. Akainua mikono kidogo, kama mtoto anayevalishwa shati, akasubiri.

Nikaitupa grenda. Nikalikimbilia gari. Safari hii nitawahi mimi, nikajiambia, nikapenyeza mwili dirishani, nikadaka mkanda wa bega la kulia.

Wa kushoto ulikuwa umeshakazwa.