Mfuniko wa Sanduku la Kapteni

Haya yalimpata rafiki yangu Ventura Lazcano, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uhispania, adhuhuri moja mjini Cádiz. Alikuwa amepandishwa cheo kuwa kapteni, akaenda kwa seremala Crispín kuchukua sanduku lake jipya la safari.

Cheo chenyewe, alichokipata kwa vita vya Venezuela, kilimsuta. Huko, bahari ilipochafuka kwa dhoruba, aliamuru mlango wa tumbo la meli upigiliwe misumari, na mateka arobaini wakiwa humo. Dhoruba ilitulia mapema. Yeye alisikia kucha zikikwaruza mbao, akaogopa kufungua mpaka asubuhi, zilipokuwa zimenyamaza na mateka wote wamekufa kwa kukosa hewa.

“Hongera, Kapteni!” alisema Crispín, bila kumtazama usoni. “Ila usinicheke. Mfuniko huu nimeupiga randa mara tatu, maana kila mara niliukuta umekwaruzika tena.”

“Mvinyo umekuzidi, mzee?”

“Heri ungekuwa mvinyo! Jana nililifunga sanduku, mfuniko ukiwa laini kama shavu la mtoto, na ufunguo nikakuletea mwenyewe.”

Ventura alipotia ufunguo, kitu kilikwaruza ndani, kikanyamaza. Akafungua. Sanduku lilikuwa tupu. Akapapasa mfuniko kwa ndani, vidole vikazama katika mikwaruzo mirefu. Katika mmoja ulikuwa umenasa ukucha wa mtu, ungali na damu mbichi.