Kitambaa Ndani ya Nyonga ya Babu

Kila alasiri baada ya shule, Sindano aliweka mkoba chini ya meza ya kukatia nguo, akamsaidia babu yake kushona vifungo. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake wenye ncha. Babu alikuwa fundi cherehani anayesifika mtaa mzima. Shati aliloshona yeye lilifuliwa mpaka rangi ikakimbia, lakini mshono haukuachia. Naye alilijua hilo, wala hakuwa mtu wa kuficha sifa zake.

Miezi sita nyuma, madaktari waligundua kwamba mshipa mkubwa wa damu kwenye nyonga yake ulikuwa umetuna, na ukiachwa ungeweza kupasuka. Hawakumpasua tumbo. Walipitisha mrija mwembamba wa kitambaa, wenye waya ndani yake, kupitia tundu dogo kwenye kinena, wakauweka ndani ya mshipa ili damu ipite humo. Siku ya tatu babu alikuwa nyumbani, akijigamba kwa wateja kwamba ni yeye tu anayevaa nguo kwa ndani.

Alitakiwa kurudi hospitali kupigwa picha miezi sita ikitimia. Siku ikafika, babu hakubanduka kwenye cherehani. Sindano alipomkumbusha, alicheka. Alisema kitambaa kizuri kikishonwa na fundi mzuri hakikaguliwi mara mbili, na isitoshe hakuwa na maumivu hata chembe.

Kesho yake muuguzi alipiga simu. Babu, mikono imeshika suruali ya mteja, alimwashiria mjukuu wake apokee.

"Mwambie nimesafiri," alinong'ona.

Sindano akasema babu amesafiri. Uongo ulimtoka kwa wepesi mpaka akajishangaa. Muuguzi akasema kwa upole, "Akirudi mwambie asichelewe, mwanangu. Hata mrija uliokaa vizuri unaweza kuanza kuvuja, na ukivuja hauumi. Tunauona kwenye picha tu."

Sindano alirudi kwenye vifungo, akajichoma kidole mara mbili. Jioni alisukuma sahani ya chakula pembeni. Kumsemea babu kulionekana kwake kama usaliti, lakini kumpoteza kulimtisha zaidi. Mama yake alipomuuliza ana nini, alieleza yote huku akilia, hata ule uongo wa kwenye simu.

Mama hakupiga kelele. Alimfuata babu sebuleni, akaketi mbele yake.

"Baba, mtoto huyu umemfundisha kushona. Sasa unamfundisha na kudanganya?"

 Asubuhi babu mwenyewe alimpigia muuguzi, akaomba radhi, akapangiwa siku nyingine.

Picha ilionyesha damu kidogo ikipenya pembeni mwa mrija, upande wa chini, na ule uvimbe ulikuwa umeanza kukua tena. Babu aliuliza kwa unyonge kama kitambaa kilichanika. Daktari alimweleza kwamba kitambaa hakikuwa na kosa. Mshipa ndio uliozidi kupanuka, ukauacha mrija ukipwaya.

"Kumbe mteja ndiye aliyenenepa," babu alisema, na daktari akacheka.

Waliongeza kipande kifupi cha mrija kwa kupitia kinena kama mara ya kwanza, na safari hii damu yote ikapita ndani. Daktari alisema wengi wanaotibiwa hivyo huishi vizuri kwa miaka mingi, mradi wasikimbie vipimo. Tatizo la babu liligunduliwa mapema, ndiyo maana lilitibika kwa urahisi.

Sindano alipoingia wodini, alisimama mbali na kitanda. Aliuliza kama babu amemkasirikia.

"Nilikasirika," babu alijibu, "tangu nyumbani mpaka mapokezi ya hospitali. Nilipoiona ile picha, hasira ikaisha. Njoo hapa." Akamshika mkono. "Mjukuu wangu, kumsaidia mgonjwa kujificha si kumpenda. Mtu akikuomba umdanganyie daktari, mkatalie. Mkatalie hata kama ni mkubwa, hata kama unamheshimu. Hata kama ni mimi."

Kisha akamkabidhi kadi yenye tarehe ya picha ijayo, aitunze yeye.