Bati Lisilo Bati

Nina miaka arobaini na mitatu, sina mke wala nyumba. Nilizaliwa Ilula, nikasoma sekondari, kisha barabara ikanichukua. Nimelala Rujewa, nimelala Igawa... Leo nawaandikia, ndugu wasomaji, kwa ajili ya dada yangu Adelina.

Adelina aliolewa Mbeya na Ambokile, seremala wa Kinyakyusa, mtu wa vicheko. Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini alipata kazi ya kuezeka ghala la Mhindi mmoja kwa asbesto, yale mabamba ya saruji ya kijivu ambayo wengi tuliyaita bati tu. Alikuwa hajawahi kuyashika. Aliniomba nimsaidie kwa kuwa mimi nilikwisha kuyaezeka Iringa.

Ndiyo, nilikwisha kuyaezeka! Na fundi wetu wa Iringa alitukataza kuyakanyaga. Tulilaza mbao juu yake, tukapita kwenye mbao. Asbesto haibonyei kama bati. Hupasuka ghafla!

Nilijua... Lakini mchana ule lori la Iringa lilikuwa linaondoka, nami nilikwisha kuichoka Mbeya. Ambokile aliponiuliza kama tupandishe mbao, nilimcheka.

"Shemeji, ninyi Wanyakyusa mmezoea kukwea migomba tu? Bati ni bati. Panda!"

"Haya, Mhehe," akajibu. "Nikianguka, utanibeba mgongoni mpaka Ilula!"

Mimi nilikuwa bado kwenye ngazi, nyuma yake. Nikasikia mlio kama wa chungu kinachovunjika. Nilipoinua macho, juu ya paa palikuwa na tundu tu.

Hakufa. Lakini miguu yake haikuamka tena. Hospitalini Adelina aliniuliza kama nilijua. Nikamwambia hapana, hata mimi nilidhani ni bati. Akanishika mkono, akanibembeleza... Mimi! Je, kuna adhabu kubwa kuliko hiyo?

Kesho yake nilipanda lori. Tangu hapo, kila nikipita Mbeya namkuta Ambokile barazani akichonga miiko. Hunitaka nimsimulie safari zangu, mpunga wa Rujewa, nyanya za Ilula.

"Tembea, shemeji," huniambia. "Tembea na kwa ajili yangu."

Ndugu zangu, mtu akikuuliza jambo unalolijua, usimjibu kwa haraka zako. Msiwe kama mimi!

Gazeti hili hufika Mbeya, na Adelina anajua kusoma.

Dada... nilijua.