Koti Kwenye Msumari wa Japheth

Uvumi ulinifikia sokoni Migori, Ijumaa mchana, saa ile sisi watu wa Sabato hufunga biashara mapema ili jua lisituzamie na vikapu mkononi. Nilikuwa na amani siku hiyo. Ndizi zangu zilikuwa zimeisha, mvua ya asubuhi ilikuwa imelaza vumbi, na dada mmoja wa kwaya alikuwa akiimba polepole huku akikunja magunia yake. Nikainama kununua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa Mama Odoyo, ambaye huleta mzigo wake kutoka Homa Bay.

Mama Odoyo akanipimia, halafu akaongeza konzi nzima ya bure. Hiyo haikuwa tabia yake.

"Leo umeokoka?" nikamtania.

Hakucheka. "Chukua tu, Mama Kemuma. Nasikia koti imeangikwa kwa nyumba ya binti yako."

"Koti ya nani?"

"Wuoi! Unaniuliza kama mgeni? Koti ya mwanamume. Mimi sijaona na macho. Nimesikia kisimani."

Nikabeba omena zangu nikaenda. Kesho yake kanisani mhubiri alihubiri, watu wakaitikia amina, na mimi nililosikia ni neno moja tu: koti, koti, koti. Nikijiambia ni maneno ya kisimani, linarudi. Nikipiga magoti, linakuja kupiga magoti kando yangu.

Labda wewe unayesoma unatoka mbali na hujui koti hilo ni nini. Ngoja nieleze.

Binti yangu Kemuma aliolewa upande wa Homa Bay na Japheth, kijana Mjaluo. Sisi ni Wakisii, lakini wote wawili walibatizwa, wakafunga ndoa mbele ya kanisa, na mimi sikuwa na neno. Japheth alikuwa kifungua mimba kwao. Kila alipotoka kazini aliangika koti lake kwenye msumari karibu na mlango, halafu anaita watoto, "Nani hapa ana njaa ya kubebwa?" Ilikuwa nyumba ya nyasi tu, lakini ukiingia unasikia raha.

Mwaka wa tisini na sita Japheth alikwenda Masara kuchimba dhahabu. Shimo likabomoka, likamfunika. Walimtoa akiwa amekufa. Alikuwa mtu mzima wa afya, hakuwa amelala kitandani hata siku moja. Kumbukeni hilo, mtaona ni kwa nini.

Sasa, huko kwao mjane hakai hivi hivi. Ni lazima arithiwe. Mwanamume anayemrithi wanamwita jater. Kabla hajaja huyo jater, mjane haingii nyumba za watu, hata moto wa kupikia anatuma mtoto kuomba. Hakuna mwanamume wa boma anayeweza kupanda juu ya paa lake. Na kwa kuwa Japheth alikuwa wa kwanza, mashamba ya wadogo zake yote yalisimama. Mke wa mkubwa asipotangulia kupanda, wadogo hawapandi. Wakivunja, wanasema itaingia chira, ule mkosi unaokausha mtu hadi afe.

Kemuma alikataa. Alisimama mbele ya Mzee Cephas, baba mdogo wa marehemu, akamwambia, "Baba, mimi nilizikwa majini nikafufuka na Yesu. Siwezi kurudi kaburini."

Mzee Cephas hakuwa mtu mbaya. Alimjibu kwa upole. "Mtoto wangu, Yesu wako simkatai. Lakini mvua imekuja na mbegu iko kwa debe. Hawa watoto watakula Yesu?"

Ndugu zake wa kanisani walimsifu. Sabato ile walimwimbia wimbo mzima, na akina mama wakalia. Mzee wa kanisa akasimama akatangaza, "Dada yetu paa lake linavuja. Wana wa boma hawalipandi. Basi sisi tutalipanda. Jumapili ijayo kila mwanamume aje na mzigo wa nyasi."

Jumapili ikafika. Kemuma akapika uji wa sufuria kubwa, akakopa vikombe. Hakuja mtu. Mmoja alikuwa na matanga, mwingine alisema ng'ombe wake anazaa. Ukweli ni kwamba waliogopa ukoo. Mtu wa nje akigusa paa la mjane ambaye hajarithiwa, lolote likitokea bomani ataulizwa yeye. Wakasema, "Jumapili ijayo." Hiyo nayo ikapita. Na mvua ya masika haingojei Jumapili.

Ndipo akaja Mwalimu Cliff. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la Biblia pale kanisani, kijana msomi, anavaa tai hata siku ya kawaida. Alimkuta Kemuma amehamisha watoto chini ya meza, kwa sababu ndipo palikuwa pamebaki pakavu.

"Dada, kwa nini unateseka?" akamwambia. "Si lazima huyo mwanamume alale hapa. Siku hizi kuna njia ya kistaarabu. Analeta koti yake, inaangikwa, basi. Ukoo unahesabu umerithiwa. Wewe unabaki na Mungu wako."

"Na Neno linasemaje, Mwalimu?"

"Neno liliandikiwa watu wa zamani. Tusilisome kama watoto wa nasari. Mungu anaangalia moyo. Koti ni nguo tu."

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri hapo. Nyoka wa Edeni hakuja na panga. Alikuja na swali, na sauti laini, na neno "tu". Tunda ni tunda tu. Koti ni nguo tu.

Kemuma alikubali.

Jumatatu baada ya ule uvumi nilikwenda kuona mwenyewe. Nilipoinamisha kichwa mlangoni nililiona. Koti jeusi, zito, kola imeng'aa kwa jasho, linanuka tumbaku na mvua ya zamani. Lilikuwa limeangikwa kwenye msumari uleule wa Japheth.

"Mama, karibu," Kemuma akasema bila kuniangalia. "Kaa hapa, hapo kuna moshi."

"Hiyo ni nini?"

"Ni koti tu, Mama."

"Nakuuliza tena."

Akaacha kuchagua maharagwe. "Angalia juu."

Nikaangalia. Paa lilikuwa jipya, nyasi bado za kijani.

"Siku ile koti iliingia, ndio siku paa ilipandwa," akasema. "Watoto wanalala pakavu. Mashemeji wanapanda. Mama mkwe amenisalimia kwa mkono. Wale wa kanisa niliwapikia uji ukamwagwa. Ungetaka nifanye nini?"

"Ungekuja kwetu Migori! Ndugu wa kule wangekupokea."

"Na kaburi ya Japheth nimwachie nani? Na shamba ya watoto?"

Nikasema tu, "Kemuma, ng'ombe hafungwi nira moja na punda. Ukifunga, shamba halilimwi, na ng'ombe ndiye anaumia shingo."

"Mama, punda hayuko. Ni ngozi yake tu imeangikwa," akasema, akajaribu kucheka.

Mlango ukaingia giza. Mwanamume mrefu amesimama pale, jino moja la mbele hakuna. Huyo ndiye Obunga, mwenye koti. Hakuwa wa ukoo ule. Alikuwa mtu wa kualikwa, ambaye kurithi wajane kulikuwa kama kazi yake. Aliniangalia, akavua kofia, akainama kwa heshima zote.

"Misawa, maro."

Maro ni mama mkwe.

"Mimi si maro wako," nikamwambia. "Mkwe wangu amelala hapo nje, chini ya udongo."

"Sawa, maro." Akacheka. "Lakini koti yangu inalalanga wapi? Mwenye koti si ndio mkwe? Ama mnataka koti ikae na mwenyewe apigwe na baridi?"

"Tulipatana koti tu!" Kemuma akamwambia kwa ukali.

"Ndio, nyathina, mtoto wangu, koti tu. Sijasema kitu. Nimekuja kuangalia kama panya hawajaikula." Akalipapasa lile koti begani kama mtu anayempapasa mbwa wake, akaenda zake akipiga mluzi.

Nikamsihi binti yangu tuondoke siku hiyohiyo. Hakukubali. "Nikivuna nitakuja, Mama. Niache nivune kwanza."

Nikarudi Migori nikawaambia watu wa kanisa letu. Mzee Mokaya, ambaye hana shule lakini hana maneno mawili, alitoa chumba chake cha nyuma, akapaka ukuta chokaa. Akina mama wakaleta kitanda na sufuria. Kikundi chetu kikafunga na kuomba. Tukampelekea Kemuma habari, chumba kikangoja.

Kilichotokea huko Kemuma alinieleza baadaye mwenyewe. Mahindi yalipokuwa yanakaribia kukomaa, ikaja mvua ya mawe, na Obunga akafika amelowa akitaka koti lake. Akalivaa. Akakaa motoni. Alipoambiwa aende, akauliza, "Niende na koti? Basi nitawaambia wazee umeitoa mwenyewe. Paa nayo washushe?" Akatazama juu kwenye paa, akatazama watoto. Kemuma naye akatazama watoto.

Hakuondoka siku ile. Wala iliyofuata.

Sabato iliyofuata Kemuma alikaa kiti cha nyuma kanisani, na dada mmoja akahama kiti. Wale wale waliomwimbia wimbo! Mwalimu Cliff alipita na tai yake asimsalimu. Basi akaacha kwenda. Alituma watu waniambie, "Mwambieni Mama chumba wampe mwingine." Kondoo akitolewa zizini kidogo kidogo, hata yeye husahau mlango uko wapi.

Haikupita miaka miwili, Obunga akaanza kukohoa na kukonda. Halafu Kemuma. Nilikwenda kumtoa kwa nguvu, mimi na Mzee Mokaya, tukamlaza kwenye kile chumba cha chokaa. Daktari aliniita pembeni, akaniambia ni Ukimwi. Huko kwao walisema ni chira, kwamba ni kwa sababu alikataa mila mwanzoni. Lakini nilisema mkumbuke Japheth alikufa vipi. Aliondoka na afya yake. Ugonjwa ule uliingia nyumbani kwake umevaa koti.

Kemuma alitubu. Hilo nashukuru. Kikundi chetu kilimkalia zamu, wakamwosha, wakamwimbia, hakuna aliyehama kiti. Siku moja aliniuliza, "Mama, hawa walikuwa hapa siku zote?"

"Siku zote," nikasema.

"Ni mimi sikujua kuna watu wa namna hii." Akageukia ukutani.

Alikufa msimu wa kupalilia. Tulimrudisha akalazwe kando ya mumewe. Na nikaona jambo ambalo sijalisahau hata leo. Wale wanaume wa kanisa lake, walioshindwa kuleta mzigo mmoja wa nyasi, walikuja asubuhi ya mazishi na kamba na mapanga, wakakata nguzo, wakaezeka banda la waombolezaji. Likaisha kabla ya saa nne. Banda zuri, halivuji. Mwalimu Cliff akaongoza maombi chini yake.

Caren, mjukuu wangu mkubwa, akanivuta nguo. "Nyanya, mbona walijua kujenga?"

Nikamshika mkono tukaenda kaburini.

Baada ya kuzika niliingia ndani ya nyumba nichukue lile koti nilichome. Msumari ulikuwa mtupu. Nikamuuliza Mzee Cephas. Akainamisha kichwa. "Obunga amekufa mwezi jana. Ndugu yake amechukua koti. Iko kwa mjane mmoja pale ng'ambo ya mto. Yeye pia ni mtu wa kanisa. Tumemwambia ni koti tu."

Watoto ninao hapa Migori. Na yule mama wa ng'ambo ya mto simjui jina. Kwa ajili yake ndiyo nimeandika.

MAFUNZO

Imani tuliyopewa na waliotutangulia haikatwi vipande. Ukitoa jiwe moja la msingi kwa sababu ni dogo, nyumba haitakuuliza lilikuwa dogo kiasi gani. Neno la Mungu lisomwe kama lilivyoandikwa na litendwe kama linavyosomwa. Na anayeamini asiishi peke yake kati ya wasioamini, maana kaa la moto likitolewa jikoni huzima, hata kama lilikuwa jekundu. Lakini na sisi tulio jikoni tujue, kaa haliwaki kwa kusifiwa.

Kwa hiyo epukeni haya:

Epuka neno "tu" mbele ya dhambi.

Epuka mwalimu anayekufundisha kwamba Neno limezeeka.

Epuka kuweka nyumbani kwako kitu cha mtu ambaye hutaki aingie.

Epuka kujitenga na ushirika wa waumini kwa sababu ya aibu. Kama watu wa kanisa moja wamehama kiti ulipoketi, tafuta lingine linaloshika Neno, usikae nje.

Mzazi, epuka kungoja mavuno kabla ya kumtoa mtoto motoni.

Epuka kumwimbia mjane wimbo na huku paa lake linavuja.

Epuka kusema "Jumapili ijayo".