Tiki za Bluu za Marehemu Mbaruku

Simu ya marehemu Mbaruku ilikuwa imezimwa, imefungiwa kabatini kwa mjane wake, Mwanabaraka, kule Igoma. Sasa nani alikuwa anasikiliza jumbe za sauti za Nasma? Maana tiki za bluu zilitokea, kila asubuhi.

Miaka kumi na miwili Mbaruku alikuwa meneja wa Nasma, akimtafutia kumbi za kuimba. Kisha muziki ukamchosha, akasomea ushauri nasaha. Wenye majonzi aliwaambia, "Ukizidiwa, nirekodie. Liseme, niachie mimi." Alipofariki, Nasma akaendelea kumrekodia. Tusimcheke jamani, alikuwa amefiwa na msikilizaji wake pekee.

Siku moja alimweleza habari za mume aliyemkimbia. Tiki zikageuka bluu, sebule ikanuka karafuu maiti, na Nasma akajisikia mwepesi. Jioni binti yake Raya, wa miaka kumi, akamtaja baba yake. Nasma akakunja uso.

"Baba gani?"

Kesho yake likaja jibu. Neno moja, kwa sauti ileile ya Mbaruku: "Nakusikiliza." Nyuma ya sauti hiyo alisikika mtu anatafuna.

Raya alikimbilia Igoma.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mama anasahau watu."

Mwanabaraka hakungoja. Alimwita Shehe Nurudin, wakaenda wote kwa Nasma. Shehe akaisikiliza ile sauti mara moja tu, akamrudishia Nasma simu yake haraka.

"Mbaruku alikuwa anachukua uchungu, anakuachia mtu wako," alinong'ona. "Huyu jini anayejibu kwa sauti yake anachukua vyote viwili. Itupeni simu ya marehemu katikati ya ziwa. Na wewe Nasma, usimwambie kitu tena."

Wanawake hao wawili wakapanda kivuko cha Kamanga pamoja na Raya. Lakini Nasma angeachanaje na Mbaruku bila kuaga? Mwanabaraka alipokuwa anafungua mkoba kuitoa simu ya marehemu, yeye alijibanza nyuma ya lori, akaisogeza simu yake mdomoni, na huku machozi yakimtoka akanong'ona kwamba kwaheri bwana Mbaruku, umenitunza, sasa hivi siogopi kitu kingine duniani ila kumpoteza Raya wangu, na papo hapo ile simu iliyozimwa ikawaka mkononi mwa Mwanabaraka, karafuu maiti ikanuka kivukoni, naye akaitupa majini.

Harufu ikaisha. Mwanabaraka akashusha pumzi, akamshukuru Mungu.

Kivuko kilipogonga gati, Raya akamshika mama yake mkono. Nasma akamtazama kwa upole, akauachia ule mkono taratibu.

"Umepotea, binti? Mama yako yuko wapi?"