Krediti Tatu za Celeste

Ijumaa jioni mimi nakula samaki. Mji wetu wote unakula samaki siku hiyo. Tunapanga foleni kwenye ukumbi wa klabu na makoti yetu mazito, tunapewa samaki wa kukaanga, viazi na kabichi, tunaketi. Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa chuo wanaotaka kufanya mafunzo kwa vitendo. Nimeifanya miaka mingi na imenichosha. Kwa hiyo Ijumaa nikiwa na sahani yangu, sitaki mtu aniulize kitu.

Januari ile, jirani yangu Wanda Gorski alikuja kuketi mbele yangu na binti yake, Celeste. Wanda anafua nguo katika nyumba ya kulelea wazee. Mikono yake ni myekundu mwaka mzima. Celeste alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea sayansi ya mazingira. Wote wawili walikuwa hoi.

"Noreen, mwenzio leo miguu sina," Wanda alisema.

"Nani anayo?" nilimjibu. "Na wewe, Celeste?"

"Nipo tu, Bi Noreen. Natoka kwenye maabara ya maji ya mji. Nafanya mafunzo kwa vitendo pale, nimeanza likizo ya Krismasi."

Niliweka uma chini.

"Hongera. Mwalimu gani anakusimamia?"

"Bado sina."

"Umejiandikisha chuoni?"

"Nitajiandikisha nikimaliza. Nataka kwanza nifanye kazi, halafu nimwonyeshe mwalimu, ndipo nimwombe krediti zangu tatu."

Kila somo chuoni lina krediti zake. Zisipotimia, hupewi shahada. Celeste alipungukiwa na tatu tu, na alizitegemea kwenye yale mafunzo.

"Jamani! Nani kakwambia ufanye hivyo?"

"Mimi," Wanda alisema. "Kwetu hatusumbui watu. Unafanya kazi, watu wanaona wenyewe. Baba yangu aliishi hivyo kiwandani mpaka alipostaafu."

Ndio mji wetu huo. Jirani atakuondolea theluji mlangoni kabla hujaamka, lakini yeye mwenyewe hawezi kukuomba koleo. Kila mwaka napata mwanafunzi wa namna hii, na kila mwaka naumia.

"Chuo hakiendi hivyo," nilisema. "Saa ulizofanya kabla chuo hakijakubali hazihesabiwi."

"Hata kidogo?" Celeste aliuliza.

"Hata kidogo, mwanangu."

Aliinamia sahani yake. Kisha machozi yakamdondoka kwenye kabichi.

"Bi Noreen, Juni wanaajiri msaidizi pale maabara. Bwana Arlen, mkuu wa maabara, amesema wanataka mtu mwenye shahada mkononi. Nisipohitimu Mei, watamchukua mwingine."

Samaki wangu alikuwa ameshapoa. Nilikasirika, nasema kweli, na sikujua nimkasirikie nani.

"Sikiliza basi. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa ijayo. Jumatatu nenda kwa Dokta Whitlock wa idara yako, mwombe akusimamie. Mtaandika mapatano ya watu watatu: wewe, yeye na Bwana Arlen. Mkishatia saini, njoo ofisini kwangu nikusajili. Kuanzia hapo saa zako zitahesabiwa."

"Si nitamsumbua?"

"Msumbue! Analipwa ili asumbuliwe."

Wanda aliangalia pembeni. Nadhani aliona nimekosa adabu.

Jumatatu mchana Celeste aliingia ofisini kwangu uso umemshuka.

"Amekataa?" niliuliza.

"Ameniuliza nitajifunza nini. Nikamwambia naosha chupa za maabara. Akasema krediti zinatolewa kwa kile mtu anachojifunza, siyo kwa jasho lake. Amesema nirudi nikiwa na jibu."

"Amesema kweli. Hapo maabara wanapima nini?"

"Wanapima klorini, vijidudu, na madini ya risasi, ile sumu inayotoka kwenye mabomba ya zamani."

"Na wewe umeshapima nini?"

"Sijapima kitu. Sijaomba. Bwana Arlen ana kazi nyingi, Bi Noreen. Naona aibu."

"Hiyo aibu itakupa shahada?"

Aliinuka akaenda. Baadaye alinisimulia. Alisimama mlangoni kwa Bwana Arlen, glavu mkononi, mpaka yule mzee akageuka.

"Naomba unifundishe kupima maji," Celeste alisema.

"Ala!" Bwana Arlen alisema. "Mimi nilidhani unapenda kuosha chupa! Unaziosha vizuri mno."

Wakakaa wakaandika mapatano. Celeste atajifunza kuchukua maji kwenye nyumba za watu. Atajifunza kuyapima. Na atajifunza kueleza matokeo kwa maneno ambayo mtu yeyote ataelewa. Dokta Whitlock alisoma, akaongeza jambo moja: kila wiki Celeste amwandikie alichojifunza na kilichomshinda. Wote watatu wakatia saini. Alhamisi nikamsajili, siku moja kabla ya mlango kufungwa. Zile wiki za Krismasi zilikwenda na maji. Alianza upya kabisa.

Baridi ile haikuisha upesi. Asubuhi Celeste alikuwa darasani, mchana maabara, jioni akipanga bidhaa kwenye rafu za duka. Siku moja alikuja kwangu kuuliza kitu, nikageuka kuweka chai, nikamkuta amelala juu ya meza ya jikoni. Nilimwacha alale. Lakini kila wiki aliandika, na kila saa aliyofanya ilitiwa saini na Bwana Arlen. Katikati ya muhula Dokta Whitlock alikwenda maabara kumwona kazini. Alirudi ameridhika. Yeye kuridhika ni shida, kwa hiyo nilifurahi.

Mwisho wa Aprili kila mwanafunzi husimama mbele ya watu kueleza alichojifunza. Bila hilo krediti hazitoki. Bwana Arlen alikuja amevaa tai iliyopitwa na wakati. Wanda alitoka kazini moja kwa moja, akaketi nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kwa bahati mbaya.

Celeste alieleza jinsi maji yanavyotoka ziwani mpaka bombani. Mwanzoni alisoma kwenye karatasi. Kisha akaiweka chini.

"Kuna swali?" Dokta Whitlock aliuliza.

Nilikuwa najiandaa kuinuka. Ndipo nikaona mkono mwekundu umenyooshwa kule nyuma.

"Samahani kwa usumbufu," Wanda alisema. "Nyumba yetu ni ya zamani, na bomba lake ni la zamani. Nimewanywesha watoto wangu maji yale miaka yote. Je, yana ile risasi?"

Celeste alimtazama mama yake.

"Sijui, Mama," alisema. "Kwa macho hakuna anayejua. Ladha haibadiliki. Lazima yapimwe. Maabara inakuja nyumbani, na kwa watu wa mji huu ni bure."

"Kwa hiyo mtu anafanyaje?"

"Anapiga simu tu, Mama. Anaomba."

Bwana Arlen alianza kupiga makofi kabla ya wakati wake. Mimi nilipenga kamasi.

Krediti tatu zilitoka. Mei Celeste alivaa joho, na Juni akaanza kazi maabara, kwa mshahara. Jumatatu ya kwanza Bwana Arlen alimpa anwani ya nyumba ya kwenda kupima. Celeste aliisoma mara mbili. Ilikuwa anwani ya kwao.

"Mama, ni wewe uliyepiga simu?" alimuuliza jioni. "Si ungeniambia tu mimi?"

"Niliambiwa niombe," Wanda alisema. "Nikaomba."

Bomba lile lilikuwa na risasi kweli. Mji umeshalibadilisha. Ijumaa Wanda aliniletea habari hiyo ukumbini, akiwa amechoka vilevile, ila akitabasamu.

"Nimewasumbua, Noreen," alisema. "Walichimba mpaka bustani yangu!"

Akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yangu bila kuuliza.